Si Mimi Niliyeshika Kikombe

Si mimi niliyeshika kikombe, Kiptalam.
Yule ni kijana wa maabara, mwenye glavu za buluu,
aliyegeuzia ukuta uso ulipokuwa ukijisaidia,
bomba limefungwa, maji ya choo yametiwa rangi
usije ukachanganya.
Si mimi niliyesoma matokeo; ni daktari wa mbali
asiyekujua kwa sura.
Wala si mimi niliyechukua funguo za lori.
Zile zinaning'inia kwa meneja, msumari wa saba,
na jina lako bado halijabanduliwa.

Mimi huja baadaye.
Mimi ni chumba hiki juu ya duka la vipuri, Nakuru,
viti viwili, na dirisha nisilolifungua Februari
kwa sababu ya vumbi jeupe la magadi
linalopanda kutoka ziwani bila hodi.

Uliingia na gunia la viazi vya Molo begani.
"Madam, hii si rushwa. Ni viazi."
Nilicheka. Kisha nikaliomba gunia lishuke ngazi
likamngoje mwenyewe kwa bawabu.

Ulitaka mstari mmoja tu:
*Huyu ni mzima, arudi kazini.*
Mstari mmoja, na lita elfu thelathini za petroli
ziteremke Salgaa mkononi mwako.

Ukavitazama vyeti vyangu ukutani
kama karani wa mizani ya Gilgil anayeshuku mzigo.
Diploma ya ushauri. Leseni ya kila mwaka.
Saa zisizohesabika nikiketi pembeni ya msimamizi.
Mtihani nilioufeli mara ya kwanza
(huo haukutundikwa).
"Vitabu," ukasema. "Wewe umesoma tu.
Hujui koo linavyowaka."

Sikujibu. Mimi hulipwa kwa kutojibu.
Lakini karatasi ile ya katikati, yenye muhuri mwekundu,
ililipiwa kwa chang'aa.
Mama alikoroga sukari guru usiku, nyuma ya migomba, Shinyalu,
akapima kwa glasi, akafunga sarafu kwenye leso,
na karo ikafika shuleni ikinuka.
Wateja wake niliwajua kwa viatu.
Mwalimu Lihanda alivivua vyake mlangoni, kwa adabu,
mpaka asubuhi moja vikabaki viatu.
Hilo leseni hailisemi.

Basi nikauliza upya, polepole. Ya kukesha ni ipi?
"Miraa."
Na ya kulala?
"Vidonge."
Na ya kusahau vidonge?
Lori lilipiga honi huko chini.
Ulishtuka kama mtu aliyeitwa na mamaye.

Meneja naye alipiga simu. "Ndiyo au la, madam?
Gari limelala, na benki hailali."
Nikamwambia: si ndiyo, si la, ni wiki kumi na mbili.
Kliniki kila Jumanne. Kisha kikombe tena,
na akirudi barabarani, vikombe sita bila mbiu
kabla mwaka haujaisha.
Akakata.
Nawe ukanitazama kana kwamba nimewatupa nyote wawili.

Huenda nimewatupa.
Mimi si wakili wako, wala si askari wake.
Kama nina upande, ni wa mwanamke nisiyemjua
auzaye karoti kando ya ule mteremko,
anayepanga mafungu yake
akiwa ameipa barabara mgongo.

Wiki ya kumi na tatu, mvua ikinyesha, ulipanda ngazi.
Nilizisikia hatua kabla ya kukuona:
hazikuwa na gunia.
Uliketi. Mikono juu ya magoti, mitupu,
bado inatetemeka, lakini kidogo.

Niliipekua fomu yote, mbele na nyuma.
Haina kisanduku cha kuandika hilo.