Mto wa Sufi

Mwalimu Ndahani alilileta boksi la spika kwa bodaboda,
limefungwa kamba ya katani, limemwegemea mgongoni
kutoka Veyula mpaka kibandani kwangu Majengo.
"Besi inabweka," akasema. "Sauti ya nne
utadhani wanaimbia ndani ya pipa."

Nikafungua skrubu kumi na mbili.
Ndani: vumbi jekundu la Julai, nyumba ya nyigu,
mbao tupu zikitazamana.
Debe tupu; wahenga walishamaliza.
Sauti ya nyuma ya koni inagonga ukuta, inarudi,
inamkuta mwenzake mlangoni, wanagombana.

Sponji ya godoro sikuwa nayo.
Pamba wanaiuza kwa bei ya duka la dawa.
Nilikuwa na mto wa mama.

Sufi ya Mpwapwa. Aliichambua mwenyewe,
mbegu moja moja, jioni nyingi.
Miaka mitatu sijaulalia wala kuugawa.
Nikachana mshono kwa wembe, taratibu,
kama anayeogopa kuamsha mtu.

Kosa: niliijaza yote.
Nikawasha. Besi ikaongea
kama mgeni mwenye tonge mdomoni, anataka kushukuru.
Nikatoa konzi moja. Nikasikiliza.
Konzi nyingine. Nikagonga ubavu kwa kifundo cha kidole
mpaka mlio ukawa mfupi, mkavu.
"Inataka nafasi ya kupumua," nilimwambia Chedego, kijana wangu.
Tukaizuia kwa kipande cha chandarua
isije ikapeperuka ikaingia kwenye koili.

Kujaribu, sikuweka kwaya.
Niliweka ilimba ya mjomba, niliyoirekodi kwa simu kule Hombolo,
mbuzi wakilia kwa mbali.
Vile vyuma virefu vya katikati, vilivyokuwa vikitumbukia shimoni,
kila kimoja kikasimama kwa miguu yake.
Halafu, kati ya chuma na chuma,
mtu akakohoa.

Siku ile mama alikaa nyuma yangu, kwenye kigoda.
Kwenye rekodi sikuwahi kumsikia.

Chedego akasema turudie.
Nikamwambia simu imeisha chaji.

Mwalimu alipokuja kuchukua mzigo wake
aliuliza nimeweka nini humo.
"Sufi kidogo."
Akalipa elfu kumi na mbili, akaomba apunguziwe, nikampunguzia.

Iliyobaki nimeishonea kwenye foronya ileile.
Ni nyembamba. Asubuhi shingo inauma.