Mkandaa wa Balangai

Kifurushi kimeletwa na kondakta wa basi la Soni,
kimefungwa kwa gazeti la mwezi jana na kamba ya mgomba.
Ndani, kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino:
"Usiipike kama mchuzi. Dadako, Saumu."

Majani meusi, yamejikunja kama kucha za ndege.
Nanusa kiganja changu: kuni za mkaratusi,
udongo baada ya manyunyu,
na kitu cha tatu nisichokijua jina
ila kwa Kisambaa, na hicho nacho kinanitoka.

Saumu yuko chumba cha kunyausha.
Usiku kucha hulitandaza jani kwenye vichanja virefu,
hulisikiliza likichoka.
Alfajiri lasagwa, laachwa lione haya,
ligeuke shaba, ligeuke kahawia,
ndipo moto.

Anasema kule juu maji huchemka mapema,
hayangoji joto lote.
Hapa Makorora maji ni ya bomba, mazito, yana chumvi kwa mbali;
nimeyachemsha, nimeyaepua,
nimehesabu pumzi ishirini kabla ya kumimina.
Buli nimelifunika kwa leso.
Iliki imebaki koponi.
Mkono ulikwenda wenyewe kwenye sukari,
nikauita, ukarudi.

Rangi yake si nyeusi. Ni ya ukwaju ulioloweka,
ukiushika penye dirisha.
Inang'ata kidogo pembeni mwa ulimi,
inaachia,
halafu, umeshameza, umeshasahau,
utamu unapanda kutoka kooni
kama mgeni aliyechelewa harusi
lakini zawadi kaja nayo.

Bi Mwanakombo, mama mkwe, kaketi na kitumbua chake.
"Sturungi? Tumefilisika?"
"Onja kwanza, mama."
"Hii ya wagonjwa."

Akapuliza. Akanywa. Akanyamaza, akanywa tena.
Kitumbua kikampoa mkononi.
Mimi nangoja neno, au nangoja aombe sukari,
sijui kipi nilikiogopa zaidi.
Jirani akafungua redio, akaizima.

Yalipobaki machicha akakiinamisha kikombe,
akachungulia ndani muda mrefu
kama asomaye barua isiyo yake.

"Huyu dada yako," akasema,
"huko kiwandani, usiku,
ana sweta?"