Kopo la Maziwa ya Unga

Nilikuwa natafuta soksi zako, Eliamani,
si ushahidi.
Lakini ovaroli ya fundi ina mifuko mingi,
na kwenye ule wa goti, wa bisibisi,
nikakuta risiti imekunjwa mara nne:
riali sitini, tarehe tatu,
mpokeaji mdogo wako Ndetaulwa.

Tarehe tatu uliniambia kampuni imechelewesha mshahara.
Tukala wali na dengu siku tisa,
nami nikazisifu dengu.

Sikusema kitu. Nikafua ovaroli.
Ruwi nguo hukauka kabla hasira haijapoa:
nusu saa juu ya paa, kati ya madishi na matangi,
jua la Juni likinyoosha kila mkunjo
isipokuwa ule wa karatasi.

Ijumaa tukaenda ibadani,
maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu,
na zamu ya Kiswahili ni saa nane mchana,
Wamalayali wakitoka, Wafilipino wakingoja mlangoni.
Mchungaji Mbonea akasoma habari za mtu
anayetaka kujenga mnara:
aketi kwanza, ahesabu gharama.
Nikaitika amina.
Kisha akaongeza, la kwake mwenyewe,
kwamba mke mwema hapekui mifuko.
Hapo sikuitika.

Nilikuwa nawawaza wale wawili wa kale,
mume na mke waliouza kiwanja,
wakabana sehemu ya bei,
wakaanguka, mmoja halafu mwingine,
miguuni pa mitume.
Tangu utotoni nawaogopa.
Siku hiyo, Mungu anisamehe, niliwaonea wivu:
wao angalau walificha pamoja.

Maana mimi nami nina kopo.
Kopo la maziwa ya unga, nyuma ya gunia la mchele,
na ndani noti zimefungwa kwa mpira wa nywele,
riali mia moja arobaini na mbili:
kila kichwa nilichosuka Al Khuwair baada ya kazi,
kila bakshishi ya sikukuu.
Nilijiambia ni ya dharura.
Dharura yenyewe, nikichimba mpaka chini,
ilikuwa wewe,
siku utakayonichoka.

Usiku AC ikadondosha maji kwenye ndoo
(fundi wa AC wa nusu ya Maskati,
na ya chumbani kwake inavuja).
Nikaweka risiti mkekani.
Nilitaka tuanze na yako.
Mkono ukaenda wenyewe nyuma ya gunia.

Ulilitazama kopo
kama mtu aliyegundua mlango
ndani ya nyumba aliyoijenga.
Ukasema, "Walikuja kuchukua ng'ombe wa mama
kwa deni la Ndetaulwa. Ni mara ya tatu.
Niliona aibu."
Ukauliza, "Na hizi ni za nini?"
Nikakwambia.

Ulinyamaza mpaka ndoo ikajaa.
Ukaibeba kwenda kuimwaga,
ukachelewa kurudi.

Wawili watakuwa mwili mmoja:
siku ya harusi, Usangi, nilicheka nyuma ya shela,
nikidhani ni habari za kitanda.
Miaka sita baadaye nimekaa sakafuni na kalamu
na ninaona ni habari za mfuko pia,
na mfuko ni mgumu kuuvua kuliko gauni.

Nikapiga mistari kwenye daftari.
Kodi. Ada ya Nietiwe. Mama zetu wawili, sawasawa.
Ndetaulwa, nikaandika, kisha nikaweka alama ya kuuliza.
Zaka nikaiachia nafasi; wewe utataka itangulie,
mimi nitataka deni litangulie,
na hilo, mume wangu, hatujalimaliza hadi leo.

Ukarudi na ndoo tupu mkono mmoja,
na mkono wa pili karak, kikombe kimoja cha karatasi,
kimejaa mpaka kinakuunguza.
"Andika, Nakijwa," ukasema. "Chai. Baisa mia mbili."

Nikaishika kalamu juu ya mistari,
nikanywa, nikakupa, ukanywa.
Sikujua niiweke wapi,
kwenye matumizi
au kwenye akiba.