Ukuta wa Shangazi Nedka

Saa tisa usiku mlio wa simu unanitoa blanketini.
Nje theluji imefika magotini, bomba limeganda,
na milima ya Rodopi imejikunyata
kama watu walioishiwa kuni.

Jikoni, ndani ya sanduku lililokuwa la matofaa,
wanambuzi watatu wamelaliana,
huyu kidevu mgongoni mwa yule,
na wa tatu chini kabisa,
mdogo kama kiatu,
yule ambaye mama yake alimnusa mara moja
kisha akamgeuzia kisogo.

Maziwa sufuriani. Moto usizidi.
Shangazi haamini kipimajoto:
"Tia tone ndani ya kiwiko.
Usiposikia moto wala baridi, ndipo."
Nilikuwa fundi wa mabasi Plovdiv miaka kumi na tisa.
Nimepima oili, breki, upepo wa matairi.
Sijawahi kupima kitu
kwa kutosikia kitu.

Chupa ilikuwa ya soda ya machungwa,
lebo haijabanduka yote.
Chuchu ya mpira nimeitoboa kwa sindano ya moto:
tundu likiwa kubwa, maziwa yataingia mapafuni,
likiwa dogo, mtoto atachoka kabla ya kushiba.
Kati ya kubwa na dogo
nimeharibu chuchu nne.

Wale wawili wamemaliza zamani, wanatafuna mkono wa sweta yangu.
Mdogo hataki.
Nampanua mdomo kwa kidole; ulimi wake wa baridi
kama sarafu iliyookotwa barabarani.
Anatema. Anakunja shingo. Ananipigia chafya usoni.
Shika, bwana, namwambia, shika,
hata gari bovu huwaka likisukumwa.
Mara mkia, mkia usiozidi kidole gumba,
unaanza kutikisika,
kwanza kama hauna hakika,
kisha kwa kasi ya waipa siku ya mvua kubwa,
magoti ya mbele chini, paji la uso
likigonga kiganja changu, likigonga,
kama mdai aliyechoka kupigwa kalenda.

Shangazi ameamka. Hasemi neno.
Anachomoa penseli nyuma ya sikio
(hulala nayo? sijawahi kuuliza)
anaandika ukutani, pembeni mwa jiko:
*Wa tatu. Gramu sitini.*

Ukuta mzima ni maandishi.
Miaka na miaka ya wanambuzi: Mwenye Nyota, Kiziwi,
Bila Jina, Bila Jina, Mwizi wa Kabichi.
Kwingine mstari umepita juu ya jina.
Hilo nalo siulizi. Sikukuu ya Mtakatifu Georgi haiko mbali,
na madume hawatoi maziwa.

Mvuke wa jiko hubandua chokaa,
na chini ya chokaa kuna chokaa nyingine, penseli nyingine.
Usiku huu limeanguka bonge la ukubwa wa sahani.
Nikainama na tochi ya simu.
Mwandiko uleule, ila umekazwa zaidi,
mkono wa mtu aliyekuwa bado ana haraka:
*Rangel. Siku ya kumi na mbili. Tisini. Katapika nusu.*
*Rangel. Siku ya kumi na tatu. Mia na kumi. Kalala.*

Kwamba mama alikuwa kiwandani, akifunga sigara, nilijua.
Kwamba nililelewa huku hadi nikaota meno, nilijua.
"Ya nani?" nikauliza.
"Ya Belka. Yule wa pembe moja.
Mkorofi, lakini kiwele chake hakikuwa na choyo."
Akavuta shali, akafika mlangoni, akageuka:
"Wewe nawe ulikuwa unagonga kichwa hivyohivyo."

Akarudi kulala.
Nimebaki na chupa, haina kitu tena,
na mdogo amesinzia mapajani, mdomo ukinyonya hewa.
Penseli ameiacha mezani.
Nafuta sitini kwa kidole,
naandika kwa mwandiko wangu mbovu wa gereji:
*Wa tatu. Sabini na tano.
Mkia unafanya kazi.*