Sampuli

Nimefika Mbuyuni saa mbili asubuhi
na kopo jeusi ndani ya gazeti la juzi,
ukubwa wake kikombe cha uji.
Oili imeshalipita gazeti, imehamia kwenye khanga.

Duka la kwanza: "Gari gani, mama?"
Si gari, ni trekta.
"Lile kubwa?"
Dogo. Farasi kumi na nane,
rangi ya chungwa lililosahauliwa juani,
maandishi Kijapani kitupu,
hata neno la hatari hatujui ni lipi,
kwa hiyo tumezoea kuyaogopa yote.
Akacheka. Hicho ndicho alichokuwa nacho dukani.

Duka la pili filta zimefika darini,
za Hailaksi, za Fuso, za Noa,
zimepangwa kama kwaya, wafupi mbele,
wote wamevaa sare
na hakuna anayeujua wimbo wangu.

La tatu, kijana Anaeli akatoa rula ya chuma.
"Mpira unakubali. Hesi inakataa."
Akazungusha mara mbili; ya tatu ikagoma.
"Mwambie fundi akaze kwa nguvu, itazoea."
Nimeolewa miaka kumi na tisa, mwanangu.
Najua kitu kilichokazwa kwa nguvu huvujia wapi.

La nne: "Acha sampuli hapa,
niiulizie Dar, upitie Jumatatu."
Piga picha. Kopo haliachwi.
Hakuuliza kwa nini, na ningemjibu nini?
Kwamba ubavuni, chini ya grisi,
kuna kalamu nene: saa 1,240,
na chini yake, Alhamisi maji, mfereji wa pili?
Ni mkono wa Ndesario, kaka yangu,
herufi zinazoegemea kushoto
kama mpunga uliolaliwa na mvua.
Aliandika kwenye ndoo, kwenye mpini wa jembe,
kwenye mlango wa choo kwa ndani:
bei, tarehe, nani anadaiwa debe ngapi.
Karatasi, alisema, ni chakula cha mchwa.
Baada ya matanga tulitafuta daftari lake.
Tukakuta ndoo.

Na Alhamisi ni keshokutwa.
Zamu ya maji Chekereni haina msiba wala udhuru;
mfereji ukifunguliwa na jaruba halijavurugwa,
maji yanakupitia yakielekea kwa jirani,
yakikusalimu tu.

Saa saba mlima umejivuta blanketi,
mimi niko Kiboroloni, nyuma ya mitumba,
kwa Nakiete, Mpare wa Usangi, muuza spea za jenereta.
Hakuniuliza gari.
Akatia kidole tunduni, akakizungusha taratibu
kama anayejaribu pete ya mtu mwingine.
"Wajapani nao Wapare," akasema,
"filta moja, mashine nne."
Akainama chini ya meza, akapuliza vumbi.
Hesi ikaingia mara ya tatu.
Ya nne.
Ya tano, kimya.

Elfu kumi na tano.
Nikasema kumi. Akasema kumi na tano.
Nikatoa kumi na tano,
jambo ambalo marehemu mama asingelisamehe.

Mkono wake ukalinyakua kopo la zamani, ukielekea pipani.
Hilo narudi nalo.
"Limeshakufa hilo."
Najua.

Jioni fundi Kiwelu akaupaka mpira oili kwa kidole,
akakaza kwa kiganja tu, bila spana.
Injini ikakohoa, ikakohoa tena,
ikashika, na kuku wa jirani wakatawanyika.
Nikaomba kalamu.
Saa 1,502, nikaandika, na mkono ukasita,
maana herufi zangu zinaegemea kulia.
Kisha, kwa udogo, kwa kuwa nafasi iliisha:
Alhamisi, mfereji wa pili.

La zamani nimelikamua, nimelifuta nje tu,
upande usio na maneno.
Linazuia dirisha la jikoni lisijigonge usiku.