Wati Elfu Sita

Waliniita kwa sababu waya ninaofunga mimi hauungui.
Nyamugo, juu kabisa, pale ngazi za udongo
zinapomchosha hata mbuzi,
nilikuta masanduku manne meusi, marefu kuliko mimi,
yamesimama sebuleni kama mashemeji
waliokuja kudai ng'ombe zao.

Zihalirwa alinigeuzia mgongo wa mashine nisome:
wati elfu sita.
Nikavuta ndoo, nikakaa, nikapiga hesabu,
maana penseli haimwogopi tajiri.
Elfu sita, gawanya kwa mia mbili na ishirini,
ni ampea ishirini na saba na ushei.
Na Bukavu ya huku juu haina mia mbili na ishirini:
jioni, pasi zikiwaka, tuna mia na sitini, siku njema.
Volti zikipungua, mashine inazidi kunywa,
kama mlevi aliyeuziwa kasiksi yenye maji.
Na waya uliopanda hadi hapa
unene wake ni njiti ya kiberiti.
Nilimwambia yote hayo. Alinitazama midomo.
Akasema: Funga.

Nikafunga. Nina watoto.

Usiku wa kwanza ngoma iliposhuka chini kabisa,
balbu za avenyi nzima zilikonyeza.
Kishindo, giza. Kimya, mwanga.
Ruzizi pamoja na mawe yake
ilipanda mlima, ikaingia kifuani mwa sanduku,
ikatoka ikiwa upepo wa kutikisa mabati.
Friji ya Nabintu ilikohoa ikanyamaza,
na kilo tisa za sambaza
zikaanza kunuka kabla ya alfajiri.
Bisimwa kinyozi alimwachia mteja kichwa
nusu shamba, nusu jangwa.
Na Ansima, binti wa Nabintu, mwenye mtihani,
alijifunza kusoma kati ya kishindo na kishindo:
neno, giza, neno, giza.
Anasema hata darasani, juani,
anapepesa macho kila baada ya neno.

Wiki ya tatu kabini ya mtaa ilitoa moshi.
Tukachanga. Ikatengenezwa kwa wiki mbili na soda nyingi za mafundi.
Usiku umeme uliporudi, na ngoma nayo ikarudi,
avenyi ikapanda ngazi, mimi mbele,
maana aliyefunga ndiye hufungua.
Tulibisha. Tukabisha. Nabintu akabisha kwa jiwe.
Nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni, peku,
mgongo kwenye sanduku moja,
viganja viwili juu ya jingine
kama mume anayepapasa mimba
akisubiri mtoto apige teke.

Miaka kumi na mmoja alilipua miamba kule Kamituga.
Baruti ilimpa dhahabu
ikachukua masikio, yote mawili.
Akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia:
"Chini ya elfu sita, Cirhuza, ni ukuta tu."

Nabintu alishusha jiwe.
Halafu, sitadanganya, akaliinua tena.
Sambaza ni sambaza.

Jumatatu nilirudi na spika moja kuukuu,
niliyoing'oa kwenye mlango wa gari bovu,
wati arobaini, haifikii balbu ya jikoni.
Nikaikaza kwa skrubu chini ya kiti chake
cha mbao za mkaratusi.
Akakaa. Uti wa mgongo ukamwambia kitu.
Akafumba macho, akacheka
mahali ambapo wimbo haukuwa na la kuchekesha.

Sasa siku za kazi avenyi inaona.
Nabintu amenunua friji nyingine, kwa mkopo, kwa Zihalirwa mwenyewe.
Lakini Jumapili, saa kumi za jioni,
anawasha yale meusi, yote manne.
Najua kwa sababu pasi inapoa mkononi mwangu.
Na ng'ambo ya ukuta namsikia Ansima,
ambaye hana mtihani tena,
akisoma kwa sauti:
neno,
giza,
neno.