Kikohozi Kabla ya Wimbo

Katika parsele ya Mama Mwadi, kule Katuba, sheria ni moja:
hakuna kupiga wimbo kisha ukanyamaza.
Ukileta kaseti, leta na maneno yake,
nani alikufundisha kuupenda, ulikuwa umevaa nini,
nani alikuwa bado hai.

Basi Jumamosi umeme ukikatika, na hukatika,
tunaizunguka ile redio ya betri sita,
bukari imeshaliwa, sufuria imelowekwa.

Chansa huleta kalimba ya mjomba wake,
vyuma vyake ni njiti za gurudumu la baiskeli.
Kimoja kimekufa. Akifika hapo anaruka,
nasi tumezoea, hata wimbo ule
ukipigwa mzima tunaona umezidi.

Numbi wa reli hana chombo.
Anaomba chupa ya Fanta na kisu cha mezani,
anakwaruza: ndivyo, asema, nilivyomposa Ndaya.
Gitaa alikuwa nalo rafiki yangu.
Mimi nilikuwa chupa.
"Na nikachagua chupa!" Ndaya anamalizia kutoka jikoni,
kila mara, na kila mara tunacheka.

Ugomvi pia upo. Usidhani ni kanisa.
Gitaa la vidole viwili au vitatu?
Mtindo huu ni wa Kasenga au wa Kamina?
Siku moja Numbi aliondoka na chupa yake kwa hasira,
akarudi kesho yake kuuliza bei ya makaa.

Zamu yangu nilikuwa naikwepa.
Nina kaseti moja, upande wa pili,
baba, mwaka ule alipotoka kiwandani
na kifua kilichojaa moshi wa shaba.
Nikaitia. Kwanza kuvuma tu. Halafu nyuzi,
anaukaza ule wa tatu, anaulegeza, anaukaza.
Anakohoa. Muda mrefu.
Anamuuliza mtu asiyesikika:
"Iko nakamata?"
Kisha vidole viwili vinapanda ngazi,
hatua nne, tano,
utepe umekwisha.

Nikasema samahani, wimbo wenyewe hamna.
Hakuna aliyejibu. Mbwa wa jirani alibweka.
Mama Mwadi akaniambia: maneno yake je?

Nikasema: uzi wa tatu ulikuwa waya wa breki,
siku za mvua haukukubali.
Nikasema: nilivaa kaptula ya bluu ya shule.
Nikasema: huyo anayeulizwa... nilikuwa na miaka sita.
Kidole kwenye kitufe, labda kilikuwa changu.

Numbi akaichukua kaseti, akaizungusha kwa kalamu
ili kuokoa betri, taratibu, bila kutuangalia.
Tukasikiliza tena.
Safari hii baba alipouliza,
Ndaya akajibu gizani, akafuata Chansa,
mwisho Mama Mwadi, kwa sauti ya chini:
"Iko nakamata, baba. Piga."

Akapiga.
Hatua nne.
Tano.